Muziki wa Kale Hutaka Mwalimu Asiyeondoka

Urubichá ni mji mdogo wa Waguarayo mashariki mwa Bolivia, mbali kaskazini mwa jiji la Santa Cruz. Watu wake ni wakulima na wavuvi, na wanawake wake wanasifika kwa kufuma machela za pamba. Mjini humo mtoto anayekwenda zake darasani na fidla begani hamgeuzi mtu shingo. Kuna chuo cha muziki, kuna kwaya, kuna okestra, na kuna mafundi wanaochonga fidla kwa mbao za kwao. Na muziki uliowapa jina ni ule uliotungwa karibu miaka mia tatu iliyopita: misa, zaburi na sonata za enzi ya baroko.

Wanamuziki huuita muziki wa kale. Kwa kawaida jina hilo huchukua muziki wa Ulaya, na wa makoloni yake, tangu Zama za Kati hadi kufikia mwaka 1750 hivi, mwaka aliofariki Johann Sebastian Bach. Katika nusu ya pili ya karne iliyopita walijitokeza wapigaji wengi waliotaka kuupiga kama ulivyosikika zamani: fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo badala ya chuma, filimbi za mbao, tarumbeta zisizo na vali, na hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa na ncha za unyoya badala ya kugongwa na vinyundo kama vya piano. Vyombo hivyo vina sauti ndogo, vinataka chumba na utulivu, na kwa miaka mingi wasikilizaji wake walikuwa watu wazima wenye fedha ya tiketi. Ndiyo maana siku hizi makundi mengi ya muziki huo yana programu za kuwafikia watoto wa shule na mitaa isiyo na kumbi.

Programu hizo hazilingani. Iliyozoeleka ni ziara: kundi linafika shuleni asubuhi, linapiga chini ya saa moja, watoto wanaruhusiwa kugusa nyuzi na kuuliza maswali, picha zinapigwa, gari linaondoka. Sizibezi ziara hizo. Mtoto mmoja kati ya mia tatu anaweza kusikia kitu ambacho hatakisahau maisha yake yote. Lakini mtoto huyo akija kesho yake na kuuliza, "Na mimi nitajifunza lini?", pale shuleni hakuna wa kumjibu. Kwangu mimi swali hilo la kesho yake ndilo kipimo cha programu, na baadhi ya walioweza kulijibu hawako katika miji mikubwa ya Ulaya.

Turudi Bolivia, maana hadithi yake ni ndefu na inastahili kusimuliwa tangu mwanzo. Wajesuiti, watawa wa Kanisa Katoliki, walifungua misheni yao ya kwanza katika eneo la Chiquitos, San Javier, mwaka 1691. Wenyeji wengi walioingia katika misheni hizo walikuwa wakiwakimbia wawinda watumwa waliotoka upande wa São Paulo, pamoja na walowezi wa Kihispania waliotaka vibarua wa bure. Walipata kinga, nao wakailipia: kengele ndiyo iliyoamua saa ya kuamka, ya kulima na ya kusali, na imani za wazee wao zikakosa nafasi. Sitaki kulipamba hilo. Muziki ulikuwa sehemu ya utawala huo, na mapadri walijua vizuri kwamba wimbo hupenya mahali ambapo mahubiri yamekwama.

Mwaka 1730 alifika Martin Schmid, padri Mswisi aliyekuwa mwanamuziki, seremala na msanifu wa majengo kwa pamoja. Aliwafundisha vijana kusoma noti, kuimba kwaya na kupiga fidla, kisha akafanya jambo ambalo programu nyingi za leo huliruka: akawafundisha kutengeneza vyombo vyenyewe. Karakana za misheni zilitoa fidla, vinubi, hata vinanda vya filimbi vya kanisani. Makanisa aliyoyasanifu ya San Rafael, San Javier na Concepción, yaliyobebwa na nguzo nene za mbao, yamefanyiwa ukarabati na yanasimama hadi leo. UNESCO iliiingiza miji sita ya misheni hizo katika Urithi wa Dunia mwaka 1990.

Noti nyingine zilitoka mbali. Domenico Zipoli, mzaliwa wa Prato nchini Italia, alikuwa mpiga kinanda mwenye jina jijini Roma alipojiunga na Wajesuiti na kuvuka bahari mwaka 1717. Aliishi Córdoba, katika Argentina ya leo, akafa mwaka 1726 akiwa na miaka 37, kabla ya kupata upadri. Chiquitos hakuikanyaga. Kazi zake ndizo zilizosafiri, zikinakiliwa kwa mkono kutoka misheni hadi misheni. Ulaya ilibaki na kitabu chake cha sonata za kinanda cha mwaka 1716, huku muziki alioutunga baadaye ukiimbwa na watu ambao hakuwahi kuwaona.

Kisha mwaka 1767 Mfalme Carlos wa Tatu wa Hispania akaamuru Wajesuiti wote waondoke katika himaya yake. Walimu wakaenda, na fedha ikaenda nao. Kwa hesabu ya kawaida muziki ule ulipaswa kufa ndani ya kizazi kimoja. Haukufa. Wachiquitano, wenyeji wa misheni hizo, waliokuwa wanajua noti waliendelea kupiga na kuimba katika sikukuu zao, wakawafundisha wanao, na karatasi zilipochakaa kwa unyevu na wadudu walizinakili upya. Alcide d'Orbigny, mwanasayansi Mfaransa aliyepita huko miaka ya 1830, zaidi ya nusu karne baada ya mapadri kuondoka, alikuta muziki bado unapigwa na akausifu. Baadaye wasomaji wa noti walipungua, lakini karatasi hazikutupwa. Zilitunzwa kama mali ya kanisa na ya wazee wa mji.

Hans Roth, msanifu Mswisi, alikwenda huko mwaka 1972 kukarabati makanisa yaliyokuwa yanabomoka. Pamoja na kazi ya mbao na udongo, zikaibuka noti: kurasa zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimetoka San Rafael na Santa Ana, ambazo leo zimehifadhiwa Concepción. Piotr Nawrot, padri na mtaalamu wa muziki kutoka Poland, alianza katika miaka ya 1990 kazi ya kuziunganisha, maana sauti moja ilikuwa kwenye karatasi hii na ya pili yake imepotea au imeliwa nusu, kisha kuzichapisha ili zipigwe tena. Kila nikisoma habari hizi mawazo yangu huwaendea wale wanakili wa Kichiquitano. Wengi wao hatuwajui kwa majina. Bila wao Nawrot asingekuwa na cha kuunganisha.

Mwaka 1996 lilizaliwa tamasha la kimataifa la muziki wa renesansi na baroko katika miji hiyo ya misheni, na tangu hapo limekuwa likifanyika kila baada ya miaka miwili. Makundi ya Ulaya na ya Amerika hupiga ndani ya makanisa yaleyale ya Schmid. Tamasha la namna hiyo lingeweza kuishia kuwa starehe ya watalii: wageni wanapiga, wageni wanasikiliza, wenyeji wanauza chakula mlangoni. Kilicholiokoa ni shule. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 chuo cha Urubichá kilikuwa kinaanza, na shule nyingine za kwaya na okestra zikafuata katika miji ya mashariki. Watoto wakapanda jukwaa moja na makundi yaliyotoka ng'ambo, wakiimba kazi zilizokutwa safari ya siku moja kutoka kwao.

Hata Urubichá yenyewe ina funzo lake kwa wanaobishana muziki ni wa nani. Waguarayo si Wachiquitano, na mji wao ulikua chini ya Wafransisko, si Wajesuiti. Noti za Concepción hazikuwa urithi wa ukoo wao. Walizichukua kwa jirani kwa sababu walikuwa na walimu, walikuwa na vyombo na walikuwa na hamu. Baadhi ya waliosomea hapo utotoni wamekuwa walimu wa wadogo zao. Kundi la Uingereza liitwalo Florilegium, likiongozwa na mpiga filimbi Ashley Solomon, lilipotaka kurekodi muziki wa Bolivia halikuja na waimbaji wake likawaacha wenyeji wakitazama. Lilichagua waimbaji wa hukohuko, likarudi mara kwa mara kufanya nao kazi, na mwaka 2005 ikazaliwa kwaya ya Arakaendar. Hivyo ndivyo mgeni anavyopaswa kuingia katika nyumba ya muziki ya watu.

Afrika ina kisa chake, nacho kiko Soweto. Mapema miaka ya 1990 Rosemary Nalden, mpiga viola wa Uingereza aliyekuwa akipiga katika makundi makubwa ya muziki wa kale, likiwamo la kondakta John Eliot Gardiner, alisikia redioni habari za vijana wa Soweto waliokuwa wakijifunza fidla na kukwama kwa kukosa fedha. Mwaka 1992 aliwakusanya wanamuziki wenzake zaidi ya mia moja, wakapiga muziki katika vituo vya reli vya Uingereza na kukusanya michango ya wapita njia. Angeweza kutuma fedha na kuishia hapo. Mwaka 1997 alihamia Afrika Kusini na kuanzisha shule ya Buskaid katika mtaa wa Diepkloof.

Nalden alileta namna ya wapigaji wa muziki wa kale ya kushika upinde na kuufikiria mstari wa muziki kama sentensi inayosemwa. Noti ya kwanza ina uzito, inayofuata ni nyepesi, kuna pumzi, kuna swali na jibu. Watoto wa Soweto waliipokea namna hiyo kwa wepesi, na sioni ajabu. Kipenzi kikubwa cha okestra yao kikawa Jean-Philippe Rameau, Mfaransa aliyeishi kati ya 1683 na 1764, ambaye opera zake zimejaa ngoma za kucheza kwa miguu. Mpigaji asiyejua kucheza huzipiga ngoma za Rameau zikalala. Waliokulia mahali ambapo kila sherehe ni ya kucheza hawana tatizo hilo. Mwaka 2007 walizipiga katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kwenye tamasha la Proms, pamoja na Gardiner na wanamuziki wake, huku wachezaji kutoka Ufaransa na Afrika Kusini wakicheza mbele yao.

Jioni ya Proms ndiyo inayokumbukwa na wengi. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni lile linalofanyika Diepkloof siku za kawaida, saa za alasiri: wanafunzi waliokwisha kukomaa wanawafundisha wadogo, na shule inawafunza vijana kutengeneza na kurekebisha vyombo. Uzi wa fidla ukikatika, hakuna haja ya kungoja mfadhili.

Kuna watu wema wanaouliza kwa nini mtoto wa Kiafrika ahangaike na muziki wa mabwana wa Ulaya wenye mawigi. Swali ni halali, na jibu lake limo ndani ya muziki wenyewe. Sarabanda, ambayo Bach aliiandika kwa utulivu wa kiungwana, ilianza kuandikwa habari zake katika makoloni ya Kihispania ya Amerika katika karne ya 16, ikiwa ngoma iliyohesabiwa kuwa ya aibu kiasi cha kupigwa marufuku Hispania mwaka 1583. Chakona nayo ina sifa ya kutoka hukohuko, miongoni mwa wenyeji na watumwa. Na katika hati ndefu iliyochorwa mwaka 1511 kwa ajili ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, yumo mpiga tarumbeta mweusi mwenye kilemba, juu ya farasi. Jina lake ni John Blanke. Alimwandikia mfalme kuomba alipwe peni 16 kwa siku badala ya 8, na akapewa. Mwalimu akianza somo na John Blanke na mshahara wake, darasa zima litanyamaza.

Upo pia upande wa ufundi unaoufanya muziki huu ufae darasani kuliko simfonia kubwa. Vipande vingi ni vifupi. Wapigaji wanne wanatosha. Nyimbo nyingi zimejengwa juu ya besi inayojirudia, noti nne au nane zinazozunguka bila kukoma, na juu yake wapigaji hubuni. Mtoto wa wiki ya kwanza anaweza kushika zile noti nne na akawa mwanamuziki kamili ndani ya kundi, wakati mwenzake wa mwaka wa tano anapamba juu yake. Ni kama ngoma zetu, ambamo mmoja hushikilia mdundo uleule mpaka mwisho na bila yeye mwenye ngoma kuu hana pa kusimama.

London yenyewe inaonekana kujifunza. Okestra ya Orchestra of the Age of Enlightenment, iliyoundwa mwaka 1986, ilihamishia makao yake mwaka 2020 katika shule ya sekondari ya serikali, Acland Burghley, huko Camden. Ofisi zake zimo shuleni, mazoezi hufanyika shuleni, na mwanafunzi anayekwenda maktaba anampita mtu anayekaza nyuzi za chombo cha karne ya 18. Hapo lile swali la kesho yake lina mtu wa kulijibu, kwa kuwa wanamuziki na watoto wanatumia geti moja.

Sasa niseme juu ya pwani yetu, kwa sababu nayo imo katika hadithi ya muziki wa kale kuliko vitabu vya shule vinavyokubali. Meli za Vasco da Gama zilipofika Malindi Aprili 1498, mwandishi wa safari hiyo aliandika kwamba mfalme wa Malindi alikuwa na wapigaji wa tarumbeta, na pamoja nao siwa mbili za pembe za ndovu zilizochongwa, zenye urefu wa mtu, zikipulizwa kupitia tundu la ubavuni, zikipatana vizuri na zile nyingine. Ni maelezo ya mgeni wa karne ya 15 aliyesikia muziki wa kasri la Waswahili na kuupenda. Siwa ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Ni watoto wangapi wa shule za Lamu waliowahi kusikia sauti ya siwa?

Udi nao ni ndugu wa damu wa muziki huo. Lute ya Ulaya, chombo kilichotawala nyumba za watu wa renesansi, ilitokana na udi wa Waarabu uliopita Hispania na Sisilia. Mtoto wa Mji Mkongwe aliyeuzoea udi wa taarabu ana njia fupi ya kuielewa lute kuliko mwenzake wa London. Kanuni, chombo kingine cha nyuzi cha taarabu, kwa masimulizi ya Zanzibar ilikuja na Mohamed Ibrahim, ambaye Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma Cairo kujifunza. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Na tangu 2002 Zanzibar ina Dhow Countries Music Academy, mahali ambapo kijana wa kawaida anaweza kujifunza udi, kanuni, fidla na ngoma za asili kutoka kwa walimu wa hapahapa, baadhi yao wakiwa wahitimu wake. Chuo hicho kimepita katika ukata mkali wafadhili walipopungua, na kila kilipotikisika nilihisi kama tunaelekea kuifunga karakana ya Schmid kwa mikono yetu wenyewe.

Hatuanzi na mikono mitupu. Kenya ina Tamasha la Muziki la shule tangu 1927, na hakuna kijiji kisichojua shauku yake. Lakini tamasha ni mashindano. Kwaya inakariri wimbo wa Ulaya wa karne ya 16 au 17 neno kwa neno, inapata alama, inapanda basi kurudi nyumbani, na mara nyingi hakuna aliyewaambia wale watoto wimbo ulitoka wapi, ulipigwa na vyombo gani, au kwamba wakati unaimbwa huko siwa ilikuwa inalia Pate. Mwalimu wa muziki anahamishwa, mrithi wake anafundisha hisabati, na kabati la vyombo linafungwa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na ninalipeleka kwa wanaopanga bajeti za elimu za Lamu, Mombasa na Unguja. Wahitimu wa udi na kanuni wapo, na baadhi yao leo wanaishi kwa kupiga hotelini usiku. Waajiriwe wawili wawili kwa mikataba ya miaka mitano, shule nne za jirani zigawane wiki yao, na seremala mmoja wa mji apelekwe kujifunza kuchonga udi na kuurekebisha. Siwa za makumbusho zisiguswe, lakini nakala yake inaweza kuchongwa kwa mbao, na watoto wa Lamu wafundishwe kuipuliza. Makundi ya ng'ambo yakiomba kuja kupiga lute mashuleni yakaribishwe, kwa sharti kwamba mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu yanarudi katika shule zilezile, na kwamba katika kila onyesho la lute mwanafunzi wa udi anapiga pia.